Nyumba za nguzo za Unteruhldingen: nendeni, ila msikimbilie nyumba kwanza

Kama unakaa Ujerumani au Uswisi na unapenda historia ya watu wa kale, nakupendekezea kwa moyo wote Pfahlbaumuseum, yaani makumbusho ya nyumba zilizojengwa juu ya nguzo, ya Unteruhldingen, Ujerumani, kando ya Ziwa Bodensee. Tulikwenda familia nzima na hakuna aliyechoka.

Fahamu kwanza kwamba nyumba 23 zinazoonekana pale si za kale. Zimejengwa upya kwa kufuata mabaki yaliyochimbwa. Mbili za mwanzo ni za mwaka 1922. Mabaki yenyewe ni vishina vya nguzo vilivyozama kwenye tope la ziwa, ambako oksijeni haifiki na mti hauozi. Kwa hiyo anzeni kwenye jumba la maonyesho, ndipo mwende huko nje. Mimi niliganda mbele ya ncha ya nguzo: mapigo ya shoka bado yanaonekana, moja baada ya jingine, kana kwamba fundi ameondoka jana. Kwa kupima pete za ukuaji wa mti, wataalamu hutaja hata mwaka uliokatwa. Ndivyo walivyojua kwamba kijiji cha Hornstaad, kwenye ziwa hilohilo, kilijengwa takribani miaka 5,900 iliyopita.

Nje, unatembea juu ya madaraja ya mbao na kuingia ndani ya nyumba. Nilipoona ukuta wa fito uliokandikwa udongo na paa la matete, sikuhitaji maelezo. Kwetu pwani bado tunazikandika hivyohivyo. Mwanangu aliuliza kwa nini watu wakae majini, nami nilifurahi kuona jibu halikupakwa rangi. Mwaka 1854 Ferdinand Keller, mtafiti wa mambo ya kale wa Zürich, alidhani vijiji vyote vilikuwa juu ya maji. Leo inajulikana kwamba vingi vilikuwa ufukweni, kwenye ardhi chepechepe, na nguzo zilikinga nyumba ziwa lilipojaa.

Tangu 2011, maeneo 111 ya aina hii katika nchi sita zinazozunguka milima ya Alps yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mengi hayaonekani kabisa kwa macho, na hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kulipia tiketi hapa.

Tengeni nusu siku. Mwenye mtoto mdogo amshike mkono kwenye madaraja, na bebeni koti, maana upepo wa ziwani una baridi.