Msinunue kava la siti la jeli kabla hamjaangalia bomba la siti

Wadau, habari za saa hizi. Kabla sijasalimia vizuri, tazameni kwanza hiki kitu mkononi mwangu. Kava la siti ya baiskeli, la jeli. Jeusi, nene, lina kamba ya kukazia chini. Kila nikifungua maoni yenu nakutana na swali lilelile: "Kaka, nikiendesha nusu saa tu makalio yanawaka moto, ninunue lile kava?" Mmeniuliza weee, mpaka nikaenda Kariakoo nikalinunua kwa hela yangu, shilingi elfu kumi na tano. Nimelifunga kwenye baiskeli yangu wiki tatu nzima, Mbagala mpaka Kariakoo na kurudi, kila siku ya kazi. Na leo nina hasira nalo, siwafichi.

Rangi, mshono, kama linaingia maji, hayo mmeshayaona kwenye video nyingine, sina haja ya kuyarudia. Nataka tuzungumzie unene. Unene huu huu ambao muuzaji anaubonyeza kwa dole gumba na kukwambia, "Sikia lilivyo laini, bosi wangu."

Siku ya kwanza, kweli, raha. Natoka Mbagala, napita Mtoni, nafika kwa Azizi Ali najisikia nimekaa kwenye kochi. Nikajiambia, kumbe watu walikuwa na haki yao. Siku ya nne nikaanza kusikia goti la kulia, hapa mbele, chini kidogo ya kifuniko cha goti. Nikadhani ni upepo wa asubuhi. Wiki ya pili nikifika Bendera Tatu najikuta natamani kushuka nikokote. Na makalio, ambayo ndiyo sababu ya kununua kava, yakaacha kuuma yakaanza kufa ganzi. Ganzi ni mbaya kuliko maumivu, naomba mnielewe hapo. Maumivu yanakwambia mfupa umechoka. Ganzi inakwambia mshipa wa fahamu umebanwa na damu haipiti vizuri. Kwa mwanamume, sehemu inayobanwa pale katikati, kila mtu anajua ilivyo muhimu. Kwa mwanamke vilevile. Ukiona ganzi, usijikaze.

Dogo, sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Nataka waone.

Hizi ngumi zangu mbili, chukulieni vifundo vyake ndiyo ile mifupa miwili unayokalia. Kila mtu anayo. Ukikaa kwenye ngazi ya zege unaisikia. Sasa naweka ngumi kwenye kava, nakandamiza kwa uzito wangu. Mmeona? Vifundo vimezama mpaka vimegusa siti ya chini, ngumu ileile. Ila jeli haijapotea. Imekwenda wapi? Tazama katikati ya ngumi zangu. Imepanda! Imefanya kilima kidogo, na kile kilima kinasukuma juu, palepale penye nyama laini na mishipa. Narudia tena pole pole... nakandamiza... jeli inakimbia mfupa, inakwenda katikati. Ndiyo ganzi yangu hiyo.

Sasa toa kava, weka ngumi kwenye siti yenyewe, hii ngumu kiasi, yenye mfereji katikati. Vifundo vimekaa juu. Katikati pana nafasi, naweza kupitisha kidole. Mfupa unabeba mzigo, na mfupa umeumbwa kubeba mzigo.

Halafu mtu ananiandikia, "Kaka, siti ngumu ni za watu wa mashindano." Sawa, twende kwenye mashindano. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika. Mbio za barabarani za wanaume zilizidi kilomita 260, na Tadej Pogačar aliyeshinda alikaa barabarani zaidi ya saa sita, kwenye vilima vile vya Rwanda. Mliona siti zao? Nyembamba kama kiganja. Wanawezaje? Kwanza, sponji lao liko ndani ya kaptura. Limeshonwa linabana mwili, kwa hiyo haliserereki wala halikimbii mfupa. Pili, na hili ndilo nataka mlishike: wao hawakai kwenye siti kama sisi. Miguu inasukuma pedeli kwa nguvu, na kila mguu unaposukuma, uzito fulani unatoka kwenye makalio. Mikono nayo inabeba kidogo. Sisi siti zetu zimeshushwa mpaka magoti yanakaribia kifua, miguu haisukumi kitu, basi kilo zote zinabaki siti. Ukiweka jeli au hata godoro, kilo ni zilezile.

Nikafika kwenye goti langu. Hapa ndipo nilipokasirika hasa.

Naegemeza baiskeli ukutani. Nimevaa viatu ninavyoendeshea, msije mkapima na ndala halafu mkaendesha na buti. Nimetoa kava. Nakaa katikati ya siti, nyonga zimekaa sawa, siegemei upande. Nazungusha pedeli kinyumenyume mpaka ifike chini kabisa. Naweka kisigino kwenye pedeli. Kisigino, siyo vidole. Tazama mguu: umenyooka, goti halina mkunjo, na sijajivuta kuifikia pedeli. Hapo siti iko sawa. Sasa nahamisha mguu, naweka ile sehemu pana nyuma ya vidole juu ya pedeli, kama unavyotakiwa kuendesha. Goti limejikunja kidogo lenyewe. Wanaopima kwa vifaa wanataka mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35 hivi pedeli ikiwa chini. Kisigino kinakufikisha karibu na hapo bila kifaa chochote.

Ukitaka namba, ipo njia ya Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Simama bila viatu, mgongo ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, kivute juu kama unakikalia, pima kutoka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. Zidisha mara 0.883. Mimi ni sentimita 80, inakuja 70.6. Hiyo ni kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, pale mikono ya pedeli inapoungana kwenye fremu, kufuata bomba mpaka juu ya siti. Ni pa kuanzia tu. Ukiwa na soli nene au wayo mrefu, kisigino kitakurekebisha.

Sasa narudisha kava. Dogo, leta rula. Kava peke yake linanyanyua siti karibu sentimita tatu. Nakaa, naweka kisigino... kinaelea! Hakifiki. Kwa hiyo siku ile nilipolifunga nilifanya mnachofanya wote, nikashusha siti. Kesho yake jeli ikalegea kwa joto na uzito wangu, nikawa nazama mpaka ikabaki sentimita moja tu. Yaani nimeshusha siti kwa ajili ya unene ambao ukishakaa haupo. Sentimita mbili chini ya pale panapostahili, na sikujua. Magoti yanakunjika kupita kiasi kila mzunguko. Hesabuni: ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, saa moja ni mara 3,600 kwa kila goti. Ndiyo maana lilikuwa linauma mbele. Siti ikiwa chini sana, maumivu kwa kawaida huja mbele ya goti. Ikiwa juu sana, huja nyuma, na nyonga zinayumba kushoto kulia kama mtu anakata mauno. Mkiona mwenzenu nyonga zinacheza, mwambieni ashushe kidogo.

Juzi nimelitoa kava, nimepandisha bomba la siti, kile chuma kinachoingia kwenye fremu na kubeba siti. Dogo alikuwa nyuma yangu na bodaboda akinirekodi, mtaona kwenye video ya Alhamisi... ah, hilo nilisahau kusema. Kuanzia wiki hii video zinatoka Alhamisi, siyo Jumapili tena. Jumapili mko kwenye mambo ya familia na mimi niko kwenye ya kwangu. Na tumefika watu elfu kumi, wadau! Asanteni sana, kutoka moyoni. Nimenunua maiki mpya, nadhani mnaisikia tofauti.

Turudi. Nimepandisha bomba na mlima ule wa Mtoni, ambao nilikuwa naupanda nimesimama kwenye pedeli, nimeupanda nimekaa.

Najua mtakachosema. "Kaka, nikipandisha hivyo miguu haifiki chini nikisimama." Ndiyo, haitafika yote miwili, na hicho ndicho kinachowafanya watu wengi waendeshe siti ikiwa chini. Barabara ya Kilwa ina malori, ina bodaboda zinazopenya, mtu anataka kugusa lami muda wote. Simlaumu mtu. Ila kusimama siyo kukaa. Tazama: nabana breki, mguu mmoja uko kwenye pedeli ya chini, nanyanyuka, nateremka mbele ya siti, mguu mwingine unakanyaga chini. Nimesimama, fremu iko katikati ya miguu. Nikitaka kuondoka, pedeli moja naiweka juu kidogo mbele, nakanyaga, baiskeli inakwenda yenyewe, ndiyo nakaa. Fanyeni uwanjani mara ishirini. Kama ndiyo unajifunza baiskeli leo, endesha siti ikiwa chini wiki ya kwanza, halafu pandisha nusu sentimita kila baada ya siku mbili.

Sasa tahadhari, hii nisipoisema nitakuwa nimewadanganya. Bomba la siti lina alama, mistari au maneno yaliyogongwa kwenye chuma, inayoonyesha mwisho wa kulivuta. Ile alama isionekane nje ya fremu. Ikionekana, bomba limebaki fupi ndani, litapinda au litapasua fremu. Warefu hapa ndipo mnapopata shida, hasa wenye zile baiskeli za mtumba za Kijapani. Nunueni bomba refu, ni bei rahisi kuliko kava! Mimi nimeuziwa elfu nane. Ila nenda na bomba lako la zamani, fundi apime unene wake. Kuna la milimita 25.4, kuna la 27.2, na mengine kati na zaidi ya hapo. Kwa macho yanafanana. Ukiweka jembamba siti itashuka ukiwa njiani.

Ulalo wa siti nao ni dakika moja. Spana 13 chini ya siti, au ile ya L kwenye zile mpya. Anza na siti iliyolala sawasawa, tumia hata simu kupima. Ukiinua pua, ile ncha ya mbele ya siti, ganzi. Ukiinamisha sana, unateleza mbele na mikono ndiyo inakubeba, viganja vinakufa ganzi. Usukani nitautengenezea video yake, leo naomba kitu kimoja tu, viwiko visinyooke kama fimbo. Vikunjike kidogo, shimo likija viwiko vilipokee, siyo shingo.

Nilisema nina hasira na kava hili, na bado ninayo, lakini nikilifikiria naona nimwambie kila mtu haki yake. Kuna mama mmoja mtaani kwetu anapeleka maandazi kwa baiskeli, anakaa wima kabisa, usukani umeinuka, safari yake dakika kumi. Uzito wote uko nyuma, hainami hata kidogo. Yeye siti pana na laini kiasi inamfaa, na wanawake kwa wastani mifupa ile ya kukalia imeachana zaidi. Lakini hata yeye ningemshauri siti pana yenyewe, zile za springi, siyo kava. Siti haizunguki. Hili kava, tazama, nikivuta kamba mpaka mwisho bado linacheza kulia kushoto. Na pembeni hapa lilinichubua mapaja, kwa sababu upana wote umekuja mpaka mbele kwenye pua.

Upana wenu mnaweza kuujua bure. Chukua boksi la katoni, weka kwenye ngazi, kaa juu yake, inama kidogo, hesabu mpaka thelathini. Inuka. Utaona mashimo mawili. Pima katikati ya shimo hili mpaka katikati ya lile. Ongeza sentimita mbili au zaidi kidogo, hapo umepata upana wa siti pale nyuma. Mimi mashimo yangu ni sentimita 12.

Kuna walioniuliza Brooks, ile siti ya ngozi ya Waingereza. Ni siti nzuri sana, ngozi inafuata mwili wako taratibu kadiri unavyoendesha. Ila bei yake hapa kwetu unapata baiskeli nzima ya mtumba, na mvua ya masika ngozi haiipendi. Hii yangu yenye mfereji nimepata elfu ishirini na mbili Ilala, imetumika, chuma zake za chini hazijapinda. Na yule muuzaji wa kava, nimepita jana, sasa hivi anauza elfu ishirini na tano! Lilelile.

Kwa hiyo hela yako ikiwa elfu kumi na tano tu, kanunue bomba la elfu nane, na chenji uende kwa fundi akukazie ekseli. Kava langu nimelifunga kwenye keria, binti yangu ndiye anayelikalia nikimpeleka shule, na yeye halalamiki.

Andikeni chini urefu wenu mliopima kwa kitabu na mahali siti zenu zilipo sasa, nitajibu kila mmoja. Dogo, usizime kwanza, nipe hiyo spana 13 nikaze nati hii, nikiondoka hivi siti itainama.