uv init --lib: kuanzisha maktaba ya Python bila kumaliza bando

Wengi wanaijua uv kama mbadala wenye kasi wa pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python. Kampuni ya Astral iliitoa Februari 2024, imeandikwa kwa Rust, na unaweza kuisakinisha hata kwenye mashine isiyo na Python. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kuanzisha mradi wa maktaba, yaani msimbo utakaotumiwa ndani ya programu nyingine.

Tuchukue kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kinachotaka maktaba ya kukokotoa malipo ya wakulima wa zabibu, ili AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zenye mifumo tofauti ziitumie. Amri ni hii:

uv init --lib malipo-zabibu

Papo hapo unapata README.md, pyproject.toml, .python-version na folda ya src/malipo_zabibu yenye __init__.py na py.typed. Kistari cha kwenye jina kimegeuzwa kuwa kistari cha chini kwa sababu import ya Python haikipokei. Git (zana ya kutunza historia ya msimbo) ikiwepo kwenye mashine, nayo inaanzishwa pamoja na .gitignore. Hiyo py.typed ni tupu, lakini usiifute: bila hiyo, mypy (zana ya kukagua aina za data) ya mtu aliyesakinisha maktaba yako haitasoma aina ulizoandika.

Kosa linaloongoza ni kusahau --lib. Ukiandika uv init peke yake unapewa mradi wa programu: main.py, hakuna src, hakuna sehemu ya [build-system] inayoeleza jinsi ya kuujenga. Utaandika wiki nzima bila kugundua, kisha siku ya kuisakinisha kwingine inagoma. Ukiwahi kugundua, futa uanze upya.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye requires-python, mstari wa pyproject.toml unaotaja toleo la chini la Python. uv inajaza toleo la Python iliyolikuta kwenye mashine yako. Laptopu yako ikiwa na 3.13, pyproject.toml itaandikwa ">=3.13", na seva ya Ubuntu 22.04, ambayo huja na 3.10, itaikataa maktaba yako ingawa hakuna mstari hata mmoja unaohitaji 3.13. Amua toleo la chini mwanzoni kwa --python 3.10, kisha ujaribu kweli: uv run --python 3.10 pytest (pytest ni zana ya kuendesha majaribio). Kubadilisha namba kwenye faili bila kujaribu ni kujidanganya.

Hapo ndipo bando linapoingia. uv isipokuta toleo uliloomba inalipakua yenyewe, makumi ya megabaiti, bila kukuuliza. Ongeza --no-python-downloads ukitaka isimame na kukuambia. Kwa vifurushi vya kawaida mambo ni mazuri: kikishapakuliwa kinakaa kwenye akiba, na mradi wa pili unaweza kufanya uv add --dev pytest --offline. Mradi ukiwa kwenye flashi na akiba ikiwa kwenye diski ya mashine, utaona onyo kwamba imeshindwa kuunganisha mafaili na inayanakili. Si hitilafu; weka UV_LINK_MODE=copy, onyo linaondoka.

Angalia pia folda unayosimama. Kama folda ya juu ina pyproject.toml, uv inaufanya mradi mpya kuwa mwanachama wake na kuhariri faili lile la juu. Kama hukukusudia hivyo, tumia --no-workspace. Na kama Git yako ina barua pepe binafsi, itaingia kwenye authors na kuonekana na kila mtu kwenye PyPI, hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya Python. --author-from none inazuia.

Isichokupa: leseni, folda ya tests, na usanidi wa majaribio ya kiotomatiki. Leseni ndiyo inayouma, kwa kuwa ofisi nyingi makini hazitagusa msimbo usio nayo. Timu inayoanzisha maktaba mara kwa mara, mathalani zile za mifumo ya serikali pale Mtumba, mji wa serikali Dodoma, itafaidika zaidi na Copier, zana ya kuanzisha miradi kutoka kwenye kiolezo: unatengeneza kiolezo chenu chenye kila kitu, na copier update inapeleka mabadiliko ya kiolezo kwenye miradi ya zamani. Cookiecutter, zana nyingine ya violezo, yenyewe haifanyi hilo. Kwa mtu mmoja au kikundi kidogo, Copier ni mzigo, na uv inatosha.

Mjenzi wa msingi (zana inayoifunga maktaba iwe kifurushi) siku hizi ni uv_build, unaofaa kwa Python tupu tu. Ukiwa na sehemu za Rust, anza na --build-backend maturin.

Kabla ya kutoa, endesha uv build, kisha unzip -l dist/*.whl uhakikishe kila faili limo, hasa majedwali ya bei kama yamehifadhiwa ndani ya maktaba. Jaribu kwanza kupakia kwenye TestPyPI, yaani PyPI ya majaribio. PyPI haipokei tena faili la toleo lilelile hata ukilifuta, kwa hiyo kosa likipita, uv version --bump patch, jenga upya, pakia tena.