Uzoefu wangu: kupatana bei ya trekta mpya Nairobi, kutoka kotesheni hadi lobedi

Trekta niliyonunua ni mpya, nguvu za farasi 75, fowili (magurudumu yote manne huvuta), pamoja na plau ya disiki tatu. Muuzaji yuko Eneo la Viwanda, na kabla ya kumlipa nilichukua kotesheni, yaani bei ya maandishi, kwa wauzaji wanne. Mashine yenyewe sina neno nayo. Nataka kueleza bei, kwa sababu hapo ndipo mkulima anapoumizwa, na mara nyingi hajui ameumizwa wapi.

Ukiziweka kotesheni nne mezani utadhani unalinganisha bei, kumbe unalinganisha vitu vinne tofauti. Mmoja ameweka vyuma vya uzito vya mbele, mwingine hana. Mmoja amehesabu kanopi (paa la kumkinga dereva), usajili na usafiri, mwingine ameandika "bei ya yadi" kwa herufi ndogo chini kabisa. Yule aliyeonekana rahisi kuliko wote ndiye aliyekuwa ghali nilipojumlisha vilivyokosekana.

Dawa yake ni wewe kuandika karatasi yako, ukurasa mmoja, uwape wote hiyo hiyo waijaze. Ukubwa wa injini na nguvu inayofika kwenye PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine), kila moja mahali pake, kwa maana trekta ya farasi 75 kwa kawaida hutoa asilimia 85 hivi kwenye PTO, yaani farasi 64 kama hizo, na mashine ya kukata majani au ya kupura huendeshwa na hiyo ya pili. Saizi ya tairi za mbele na za nyuma. Idadi ya vyuma vya mbele na uzito wa kila kimoja. Kanopi, chuma cha kukokotea trela, plagi ya taa za trela. Nchi ilikotengenezwa: rangi na jina vyaweza kuwa vile vile ilhali kiwanda ni tofauti, New Holland nyingine hutoka Uturuki na nyingine India, na namba za filta na vipuri vingine hazilingani. Kisha trekta, plau na trela kila kimoja kiwe na mstari wake, na kila mstari useme kama bei ina VAT ya asilimia 16 au haina. Jibu la mdomo la "kila kitu kimo" ulikatae kwa heshima.

Vyuma vya mbele navisisitiza kwa sababu ndivyo vya kwanza kuachwa. Plau ya disiki tatu ikinyanyuliwa nyuma, pua ya trekta inakuwa nyepesi na usukani hauitikii. Kwenye mteremko hiyo ni hatari ya kupinduka. Muuzaji akikuambia ujaze tu maji tairi za nyuma, ujue anazungumzia kitu kingine: maji ya nyuma husaidia tairi kushika udongo, hayaongezi hata kilo moja puani.

Jambo la pili ni dola. Wauzaji wengi hupiga hesabu kwa dola hata wakikuandikia shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160, na kufika katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Mashine ya dola 30,000 ni shilingi 4,800,000 kwa kiwango cha kwanza na 3,900,000 kwa cha pili. Laki tisa hizo! Kwa hiyo uliza trekta iliyo yadini iliingia nchini lini na wamepigia kiwango gani. Shilingi ikiwa imepata nguvu tangu hapo, unayo hoja. Ikiwa imedhoofika, funga bei upesi, na kiwango kiandikwe kwenye kotesheni pamoja na tarehe ya mwisho.

Sasa kupatana kwenyewe. Mtu wa mauzo ana uwezo mdogo sana juu ya bei ya trekta. Ukimkaba hapo atakupunguzia kidogo, kisha akurudishie kwenye plau. Nafasi kubwa iko kwenye vitu ambavyo kampuni inavipata kwa gharama yake yenyewe: servisi, filta, kanopi, usafiri, vyuma. Mazungumzo yangu yalifika mahali kijana akasema, "Mzee, hiyo ndiyo bei ya kampuni, haishuki." Nikamjibu, "Sawa kijana wangu, usiishushe. Niwekee vyuma vya mbele seti nzima, servisi mbili badala ya moja, na lori la lobedi la kuileta hadi shambani." Akaenda kwa meneja, akarudi na vyuma na lobedi. Servisi ya pili ilikubaliwa siku iliyofuata, nilipomwonyesha kotesheni ya muuzaji jirani yake, aliyejaza karatasi ile ile.

Majira nayo yana bei. Kuanzia Januari hadi Machi kila mtu anataka kulima kabla ya mvua za masika, na hakuna atakayekubembeleza. Juni na Julai yadi zimejaa na simu zinapigwa na wao. Maonyesho ya uwanja wa Jamhuri, Nairobi, huja na "bei ya shoo", na baadhi yake ni nzuri kweli, ila itake kwa maandishi yenye muhuri na tarehe. Ukirudi ofisini wiki mbili baadaye na kumbukumbu ya kichwani, hutapata mtu anayeikumbuka.

Kabla ya kukubali bei yoyote, nenda yadini uiinamie trekta yenyewe. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3223 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2023. Linganisha na mwaka ulio kwenye kibao cha namba ya mfululizo (serial namba). Trekta iliyokaa juani miaka miwili bado inaitwa mpya, lakini betri imechoka, dizeli ya tangini imechafuka na tairi zimeanza nyufa nyembamba kama nywele karibu na rimu. Hiyo si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kudai punguzo na betri mpya. Tazama na mita ya saa za kazi. Ikisoma zaidi ya kumi, uliza imefanya kazi wapi, maana za maonyesho huuzwa kama mpya zikishaoshwa.

Kwa wanaochukua mkopo, hapa punguzo lote laweza kumezwa. Mkopo wa 3,000,000 kwa miezi 36, riba asilimia 10 kwa mwaka "flati", yaani juu ya mkopo wote wa mwanzo, unalipa riba 900,000, yaani 108,333 kila mwezi. Asilimia 10 hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, riba ni 485,000 hivi. Ile flati ni sawa na takribani asilimia 18 ya salio linalopungua. Usiulize "riba ni ngapi", uliza jumla ya shilingi utakazokuwa umelipa siku ya mwisho, na ada za bima na za kuandaa mkopo zikiwamo. Kuna punguzo la laki mbili linalotolewa kwa sharti la kukopa kwa mshirika wao. Piga hesabu hii kwanza.

Kilichoniuma ni servisi. Kotesheni ilisema "servisi ya kwanza bure", ile ya saa 50 ambayo humwaga mafuta ya injini ya kwanza yenye unga wa chuma na kubadilisha filta. Ilipofika, nikaambiwa kazi ya fundi ndiyo ya bure. Mafuta ya injini, filta na usafiri ni juu yangu, na usafiri unahesabiwa kwa kilomita, kwenda na kurudi. Shamba likiwa kilomita 150 kutoka Nairobi, hizo ni kilomita 300 za kulipia. Na huwezi kuiruka, kwani waranti husimama juu ya kitabu cha servisi kilichogongwa muhuri. Maneno sahihi ni haya: "servisi ya saa 50 na ya saa 250, pamoja na oili, filta, kazi na usafiri wa fundi hadi shambani." Yaandikwe kwenye profoma (ankara ya awali), si kwenye WhatsApp ya muuzaji.

Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni pekee. Hundi ya Kenya haivuki 999,999, kwa hiyo salio utalituma kwa RTGS, yaani moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Hata diposi ndogo usiitume kwa namba ya simu ya mtu. Usajili wa NTSA (mamlaka ya usafiri), namba ya KT ya trekta na logbuku, uliza nani analipa na baada ya siku ngapi. Kwangu vilikuja bila usumbufu.

Iletwe kwa lobedi. Ukiiendesha mwenyewe njia nzima injini inakaa kwenye mzunguko mmoja saa nyingi, na injini changa inataka mzigo unaobadilika. Ikishushwa, kaza nati za magurudumu, na uzikaze tena baada ya saa tatu za kazi: rangi iliyo chini ya nati hubonyea, nati inalegea, tundu la rimu linapanuka. Halafu funga plau, inyanyue juu kabisa, zima injini, ungoje dakika kumi. Ikishuka hadi ardhini, haidroliki inavuja ndani. Usitie sahihi hati ya makabidhiano kabla ya jaribio hilo, na kasoro yoyote iandikwe kwenye nakala zote mbili dereva wa lobedi akiwa bado amesimama hapo.