Malaria: kipimo cha haraka au hadubini?

Swali hili halikauki kwenye mabenchi ya zahanati. Kipimo cha haraka, mRDT, kinataka tone la damu ya kidoleni, matone ya kimiminika chake na subira ya dakika 15 hadi 20. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, ukiwa peke yake ni hasi. Ukitokea na wa pili, chanya. Hakihitaji umeme wala maabara. Kwa wepesi, hadubini haifui dafu.

Ila tujue kinachotafutwa. Vipimo vingi husaka HRP2, protini inayotolewa na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, si kimelea chenyewe. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ndiyo maana mtoto aliyemaliza dawa ya mseto juzi huonyesha tena mistari miwili, na mama akadhani dawa imeshindwa. Tafadhali, msimrudishie dozi kwa sababu ya mstari huo tu. Tena kuna vimelea, huko nchini Eritrea kwa mfano, vilivyopoteza jeni ya HRP2, vikapita bila kuonekana.

Hadubini humwonyesha mtaalamu vimelea vyenyewe, vimepakwa rangi ya Giemsa. Huvihesabu na kutambua aina. Lakini slaidi chafu au macho yaliyochoka huharibu yote, na mashine inadai matunzo.

Homa mpya, maabara iko mbali: mRDT inafaa. Umetibiwa karibuni na homa imerudi, au umelazwa na malaria kali: ulizia hadubini.