Seti ya kontakti za stata, uzoefu wangu (baada ya kununua betri bure)

Seti yenyewe ni vipande vya shaba vinavyounganisha umeme ndani ya stata, ile mota inayogeuza injini ili gari liwake. Ila nianze na ujinga wangu. Gari liligoma asubuhi, nazungusha funguo nasikia "ka!" moja tu halafu kimya, nikasema betri imekufa, nikaenda nikanunua betri mpya, nikafunga, nikazungusha funguo... "ka!" Kimya vilevile. Nikabaki nimeshika usukani naangalia taa za dashibodi zinavyong'aa, kama zilivyong'aa hata na betri ya zamani, na hilo ndio swali nililotakiwa kujiuliza kabla sijatoa hela, betri iliyokufa inawashaje taa vizuri hivyo?

Kuna fundi nikampigia, hata gari hajaliona, akasema boss hiyo badilisha stata nzima. Labda angekuwa sahihi lakini nilishaliwa mara moja kwa kukisia, sikutaka kuliwa mara ya pili siku hiyohiyo, nikatoa multimita.

Kwanza mlio wenyewe unasema mengi. Ikipiga ta-ta-ta-ta mfululizo, mara nyingi ni betri dhaifu au vichwa vya betri vimelegea au vina ukungu ule mweupe, solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) inavuta, stata inakula umeme mwingi, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, inavuta tena, ndio hiyo ta-ta-ta. Ikipiga moja tu nzito na taa hazififii, mara nyingi umeme unaishia ndani ya stata yenyewe. Na ikizunguka wiiii bila injini kugeuka hapo ni bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika injini) haishiki, hiyo ni kesi nyingine na seti ninayoielezea hapa haitakusaidia.

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, safi. Mtu akazungusha funguo huku mimi nimeweka mita, ikabaki 12.4. Stata inayofanya kazi hata ya gari dogo inavuta zaidi ya ampia 100, betri kwa kawaida inashuka mpaka kwenye 10 au 11 na kitu, sasa hii ambayo haishuki maana yake hakuna kinachovutwa. Nikaingia chini (gari liko juu ya stendi jamani, sio jeki peke yake) nikapima kwenye stata. Kebo nene inayotoka betri ina 12.4. Waya mwembamba wa swichi, funguo ikizungushwa inakuja 11.8, kwa hiyo swichi na relei ziko hai, amri inafika. Halafu ile nati ya tatu inayotoka kwenye solenoidi kwenda kwenye mota: karibu sifuri. Hapo nilicheka peke yangu. Umeme unaingia upande mmoja hautoki upande wa pili, na katikati hapo hakuna kitu kingine zaidi ya kontakti mbili za shaba na kisahani cha plunja (kifimbo kinachovutwa na solenoidi) kinachokuja kuziunganisha. Ningekuta 12 kwenye ile nati na mota haizunguki basi ningesema kaboni brashi (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimeisha.

Hiyo pia ilinielewesha kwa nini wiki kadhaa kabla gari lilikuwa linawaka jaribio la nne, la tano, siku nyingine la kwanza. Kisahani kinaweza kujizungusha kwenye plunja, kikigusa sehemu ambayo haijaungua sana linawaka, kikigusa palipoliwa linagoma. Mimi nilikuwa naona gari lina mashetani.

Haya seti sasa. Ndani kulikuwa na kontakti mbili, plunja yenye kisahani kipya, ringi ya mpira ya kifuniko, na nati zake. Kabla ya kufungua TOA WAYA WA HASI KWENYE BETRI, ile kebo nene ya stata kwenye magari mengi haina fyuzi kabisa, spana ikigusa bodi utaona cheche za kuchomelea geti. Stata ilitoka kwa boliti mbili, boliti ya juu ilinila saa nzima kwa sababu haionekani, unafanya kazi kwa kupapasa. Nyuma ya solenoidi kuna kifuniko cha skrubu tatu, ukikitoa plunja inachomoka na springi yake, angalia imekaaje usije ukaipoteza. Niliyoyakuta humo: masizi meusi, na kontakti ya upande wa betri imeliwa mpaka imebaki kama ukucha, ile ya upande wa mota ina nafuu kidogo. Yaani kisahani kilikuwa kinafika mwisho wa safari yake na hakigusi.

Ubora wa seti, shaba ni nzito na kimo cha kontakti mbili kilikuwa sawa, nimepima kabla ya kufunga. Hili msilidharau, moja ikiwa chini kuliko nyingine kisahani kinagusa upande mmoja na utarudi palepale. Plunja iliteleza vizuri bila kulazimisha. Lalamiko langu ni la nati, moja uzi wake ulikuwa umeharibika tangu kwenye pakiti, nikatumia ya zamani, na hakukuwa na karatasi yoyote inayoonyesha kontakti ipi inakaa wapi wakati hazifanani, mtu ambaye hajawahi kufungua atazikosea. Ringi ya mpira nayo nyembamba kuliko ya awali, nikarudisha ya zamani maana ilikuwa bado nzima.

Nilipokuwa nimeshaifungua nikaangalia na brashi, zilikuwa bado ndefu, nikapuliza vumbi nikapitisha msasa laini kwenye meno ya flaiwili (gurudumu la injini linaloshikwa na gia ya stata)... hapana samahani, meno niliyaangalia tu kwa tochi kupitia tundu, msasa nilipitisha pale stata inapokaa kwenye injini, maana ndio njia yake ya athi (umeme kurudi upande wa hasi), kutu ikijaa hapo stata inazunguka kwa uvivu.

Na wale wanaosema igonge na nyundo itawaka, ni kweli wakati mwingine brashi zikikwama inasaidia ufike nyumbani, lakini stata nyingi za sasa zina sumaku zilizogandishwa ndani, gonga kwa nguvu zipasuke halafu ndio utanunua nzima kweli.

Kabla ya kuirudisha niliijaribu chini na kebo za jampa, nimeikanyaga kwa mguu maana inaruka, ikatupa gia mbele na kuzunguka kwa sauti moja. Nikaifunga, funguo, gari likawaka hata sijamaliza kuzungusha. Nikapima tena wakati inapiga stata, betri inashuka mpaka 10.8, na kati ya bodi ya stata na hasi ya betri napata 0.2 tu.

Sasa huu ni mwezi wa saba tangu niifunge, asubuhi zote linawaka mara moja. Nyota nne kwa seti, ya tano nimeikata kwa ile nati mbovu na kukosa mchoro. Betri ya zamani niliichaji nikampa jirani, anaitumia mpaka leo.