Kila mji uko kilimani: siku 5 za baiskeli kutoka Ronda hadi Jerez

Nianze na onyo ambalo halikuwemo kwenye tangazo la safari yetu. Ukiona ratiba ya baiskeli ya kusini mwa Hispania imeandikwa "miji ya kihistoria", wewe soma "mlima mwisho wa siku". Sitanii. Kwa zaidi ya miaka 200 eneo hili lilikuwa mpaka kati ya Castilla ya Wakristo na ufalme wa Waislamu wa Granada, ndiyo maana majina mengi ya miji yanaishia na "de la Frontera", yaani "wa mpakani". Waliojenga walichagua vichwa vya majabali ili adui afike mlangoni akiwa hoi. Adui hayupo tena, lakini mlima upo, na mimi nilifika hoi kila jioni.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, na sasa ni mwaka wa saba naishi Utrecht. Kwa hiyo zabibu nazijua, baiskeli naiendesha kila siku, ila Uholanzi hakuna cha kupanda zaidi ya daraja la mfereji. Mwenzangu alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, Mchaga wa Marangu. Yeye kila tulipofika kwenye mwinuko alikuwa akisema hii si ndiyo njia ya kwenda kwa bibi tu. Kufika siku ya tatu nilikuwa nimemchoka.

Tulinunua safari ya kujiongoza wenyewe. Hakuna kiongozi anayetangulia. Unapewa njia ya kufuata kwenye simu, vyumba vimeshalipiwa, na kila asubuhi gari linachukua mabegi na kuyapeleka mji unaofuata. Tulilipa euro 690 kila mmoja kwa usiku 6 pamoja na kifungua kinywa, halafu euro 130 nyingine za kukodi baiskeli. Kampuni siitaji jina, nimeshamalizana nao wenyewe.

Mabegi hayakuchelewa hata siku moja. Kila tulipofika, yalikuwa yamekaa mapokezi yakitungoja, na hiyo ndiyo pesa niliyoitoa bila kinyongo. Ukipanda mlima wa Arcos, mji wa siku ya nne, na begi la kilo 12 mgongoni utanielewa.

Baiskeli ndiyo ilikuwa shida. Kijana aliyetuletea pale Ronda alinitazama mara moja, akashusha siti, akasema iko sawa. Haikuwa sawa. Fremu ilikuwa kubwa kwangu kwa saizi nzima, na kufika siku ya pili mgongo ulikuwa umeshanipa taarifa. Cheni ilikuwa imechoka, ikiruka kila nikiweka gia nyepesi, yaani palepale mlimani ninapoihitaji. Lakini hayo yote ningeyasamehe kama si mteremko wa kutoka Acinipo.

Acinipo ni magofu ya mji wa Kirumi, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ukumbi wake wa maonyesho wa mawe bado umesimama peke yake uwandani kama mtu aliyesahauliwa na basi. Nilitaka sana kufika hapo kwa sababu sarafu za mji huo zilichorwa kishada cha zabibu. Miaka 2,000 iliyopita watu wa hapa walijitambulisha kwa zabibu, kama sisi Dodoma. Basi, tumeshapiga picha, tunateremka kwenye kokoto, breki ya nyuma ikaanza kulia chuma kwa chuma. Pedi zimeisha kabisa. Siku ya kwanza! Nikamaliza mteremko wote kwa breki moja huku nikiburuza mguu kama mtoto wa darasa la pili.

Nikapiga simu nilipofika Setenil de las Bodegas. Nikaambiwa fundi anakuja ndani ya masaa mawili. Alifika baada ya masaa manne na nusu. Kama ni lazima umsubiri fundi mahali fulani duniani, naomba pawe Setenil. Nyumba zimejengwa chini ya jabali lenyewe: ukuta wa mbele ni mweupe, na paa ni mwamba mzima uliojitokeza juu ya barabara. Nilikaa mkahawani na jabali hilo juu ya kichwa changu, nikiwaza ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema hapa panatosha, tulale. Hilo neno "Bodegas" kwenye jina ni maghala ya mvinyo, kwani ubaridi wa mwamba ulifaa kuhifadhia. Mizabibu ya zamani iliangamizwa na filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi, katika karne ya 19. Mkoa wa Málaga ulipata pigo hilo mwaka 1878 na vilima vizima vikabaki vitupu. Mashamba tuliyoyapita asubuhi ile kutoka Ronda ni ya juzi tu, yalianza kurudi miaka ya 1980. Mistari imenyooka, nyaya zimevutwa vizuri, majani yalikuwa yameshaanza kuwa ya njano na mekundu. Zabibu zenyewe hatukuzikuta, tulikwenda mwishoni mwa Oktoba na mavuno yamekwisha. Anayetaka kuona watu wakivuna aende Septemba, na avumilie joto.

Kosa jingine la siku hiyo lilikuwa njia ya kwenye simu. Ilitupeleka mpaka kwenye lango lililofungwa kwa mnyororo, kibao kimeandikwa "coto privado de caza", eneo binafsi la uwindaji. Ilikuwa Jumapili ya msimu wa sungura na kwale. Tukiwa tumesimama tunabishana kama turuke lango, bunduki ikalia nyuma ya kilima. Ubishi ukaishia hapo. Tulirudi kilomita 4 tulizotoka. Ukienda msimu huo vaa nguo ya rangi ya kung'aa, na Jumapili usitafute njia za mkato.

Ronda yenyewe nitaipitia haraka kwa sababu kila mtu ameshaiandika: daraja la Puente Nuevo lililokamilika 1793, korongo la karibu mita 100 chini yake, na watu 300 wanaojipiga picha wote mahali pamoja. Amka mapema ulione peke yako. Lakini ujue kuwa "mapema" ya huko si ya kwetu. Kabla saa hazijarudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, saa mbili asubuhi bado ni giza. Sisi tuliamka saa kumi na mbili kama Watanzania wema, tukakaa kwenye ngazi za hoteli tunalisubiri jua.

Olvera: kanisa kubwa, ngome ya Waarabu, barabara inayopanda kama ukuta. Niliisukuma baiskeli. Hapo ndipo mama mmoja wa umri wa mama yangu alinipita akiwa ameketi wima, akipiga mluzi. Baiskeli ya betri. Kama huna mazoezi ya milima, kodi hiyo na usione aibu.

Siku ya tatu ndiyo ningeirudia kesho. Kutoka Olvera hadi Puerto Serrano kuna njia ya kilomita 36 inayoitwa Vía Verde de la Sierra, juu ya tuta la reli. Reli hiyo ilianza kujengwa miaka ya 1920 kuunganisha Jerez na Almargen. Walichimba mahandaki 30, wakasimamisha madaraja makubwa 4, wakajenga na stesheni, kisha pesa zikaisha, siasa zikaharibika, na hakuna treni hata moja iliyowahi kupita. Shemeji alicheka kwa uchungu wa mtu aliyewahi kumsubiri mkandarasi. Leo stesheni nyingine ni mikahawa na hoteli, na njia ni ya baiskeli na watembea kwa miguu. Kwa kuwa ilipangwa kwa ajili ya treni, haina mwinuko mkali hata mmoja, na ukienda upande wa magharibi inateremka karibu muda wote. Handaki refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Taa zipo, lakini chukua tochi yako, na vaa koti, maana ndani ni jokofu.

Katikati ya njia hiyo upo mwamba wa Zaframagón. Tuliona kwanza tumbusi wawili, kisha saba, kisha nikaacha kuhesabu. Ni moja ya makundi makubwa ya tumbusi kusini mwa Hispania. Wanaruka bila kupiga bawa, wanazunguka tu na hewa ya moto inayopanda kutoka bondeni. Mmoja alipita chini yetu, tukaona mgongo wake. Mimi mgongo wa ndege anayeruka sikuwahi kuuona. Tulikaa pale saa nzima tukila mkate na mafuta ya zeituni.

Kwenye zeituni hapo kuna jambo lilinifurahisha. Kwa Kihispania tunda lake ni "aceituna". Sukari ni "azúcar", zafarani ni "azafrán", na meya wa mji ni "alcalde", neno lilelile lililotupa sisi kadhi. Waarabu walipita kwao na wakapita pwani yetu, wakaacha masalio. Mimi Kihispania sijui, lakini kwenye orodha ya chakula nilibahatisha mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu chakula, msiokula nguruwe muwe macho. Nyama hiyo inaingia mpaka kwenye dengu na supu ya mboga, na mhudumu hataiona kama nyama. Sema "sin jamón" kabla hujakaa. Shemeji kwa upande wake alikuwa mbinguni, alisema hajawahi kuona nchi inayoheshimu kitimoto kiasi hiki. Na majiko hufungwa kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili unusu usiku, yaani kile kipindi ambacho mwendesha baiskeli anafika akiwa na njaa ya kula meza. Bebeni tende na karanga.

Siku ya nne, Puerto Serrano hadi Arcos de la Frontera, ilikuwa ya kawaida: mashamba ya nafaka yaliyokwisha kuvunwa, upepo wa mbele, magari machache. Madereva wanatunza umbali, sheria inawataka waache mita moja na nusu wanapokupita, na wengi wao waliacha zaidi. Helmeti ni lazima nje ya miji. Arcos nayo ikatumaliza. Mji mkongwe umekaa juu ya genge, mto Guadalete uko chini, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba kuta zimechubuliwa na magari pande zote mbili. Usiku ule mvua ikanyesha, nasi tukalala usingizi wa pono.

Asubuhi ndipo tukakutana na albariza. Huo ni udongo wa mashamba ya Jerez, mweupe pe kama chokaa, na ndani yake kuna chokaa kweli. Ukikauka unakimbia juu yake kama juu ya zege. Ukilowa unakuwa ngano iliyokandwa. Tuliingia kwenye njia ya shambani, baada ya mita 50 tairi zilikuwa nene mara mbili na hazizunguki. Shemeji alinyamaza kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunakwangua tope kwa kijiti aliposimama mzee mwenye trekta, akatucheka kidogo, akatuonyesha njia ya lami nyuma ya kilima.

Lakini kabla hatujaondoka nilimwuliza kwa ishara kuhusu vishimo nilivyoviona katikati ya mistari ya mizabibu. Baada ya mavuno wanachonga udongo uwe vibeseni vya mstatili, mvua ya masika yao, yaani ya vuli na baridi, itulie humo badala ya kukimbilia bondeni. Udongo unayanywa maji kama sifongo, juu panakauka na kufanya ganda, na chini mizizi inakunywa taratibu kiangazi kizima bila kumwagiliwa. Nilisimama nikavitazama sana. Kwetu Mpunguzi na Hombolo tunalia na ukame huohuo, na makinga maji tunayajua. Nikamwambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, nikanyoosha vidole viwili. Hakuniamini. Nikamtolea picha za shamba la mjomba kwenye simu, akaitazama, akanyoosha vidole viwili yeye mwenyewe, akatikisa kichwa.

Jerez tuliingia tukiwa weupe mpaka nyusi. Jioni tulitembelea ghala moja la mvinyo, jengo refu lenye ubaridi, na mapipa yamepangwa kwa ngazi. Wanachota kiasi kutoka pipa la chini, wanalijaza kutoka la juu yake, na hilo kutoka la juu zaidi, kwa hiyo mpya na wa zamani unachanganyika daima na pipa la chini haliishi. Mapipa hayajazwi mpaka juu, huachwa nafasi ili utando wa hamira uote juu ya mvinyo. Mimi nilionja kidogo: mkavu, una chumvi, si wa kubembeleza. Shemeji alisema unamkumbusha mbege iliyolala. Sikutafsiri.

Mkienda, nunueni huduma ya mabegi na vyumba, baiskeli kodini kwa fundi mwenye duka pale pale Ronda mkaipime wenyewe: inua gurudumu ulizungushe, tazama unene wa pedi, simama kwenye pedali uone kama cheni inaruka. Na msikubali siku yenye zaidi ya kilomita 45. Kwenye karatasi ni kidogo. Zile 3 za mwisho ndizo zina mlima.

Niliandika malalamiko yangu nikiwa kwenye treni, nikaambatanisha picha ya pedi zilizoisha. Baada ya wiki moja wakarudisha euro 40 na kuniomba nambari ya ile fremu. Sikuwa nimeiandika.