Siku 12 za Vazi la Mshono: Uzoefu Wangu Baada ya Paka Wangu Kufungwa Kizazi

Vazi ninalolieleza hapa limeshonwa kwa kitambaa cha pamba kinachovutika, lina matundu manne ya miguu, na huvishwa paka aliyepasuliwa tumboni kisha likafungwa mgongoni kwa vifungo vya kubonyeza, ili asiweze kuufikia mshono wake kwa ulimi. Nililitumia kwa paka wangu Chiriku, aliyefungwa kizazi akiwa na umri wa miezi mitano na uzito wa kilo 2.1. Hukumu yangu naitanguliza: ni vazi zuri, na kwa paka mdogo asiyetulia nalipendelea kuliko kola ya plastiki inayovishwa shingoni kumzuia paka asijilambe, lakini lina hatari moja ambayo sikuitambua mpaka siku ya nne, nayo ni kwamba linakificha kile kile linachokilinda.

Nianze na mshono wenyewe, kwa kuwa bila kuuelewa mtu hawezi kujua vazi hili linafanya kazi gani. Daktari wa mifugo aliondoa ovari zote mbili pamoja na mfuko wa uzazi kupitia mkato wa sentimita mbili na nusu hivi, katikati ya tumbo, chini kidogo ya kitovu. Kwa macho mkato huo ni mdogo sana, lakini umepita kwenye ngozi, kwenye mafuta yaliyo chini yake na kwenye ukuta wa misuli unaoshikilia matumbo, na sehemu hizo zilishonwa kwa mishono tofauti. Nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe mwilini. Zile tatu za nje zilipaswa kutolewa na daktari kati ya siku ya 10 na ya 14. Pembeni ya mshono palikuwa na kistari kifupi cha kijani kilichochorwa kwa wino ndani ya ngozi. Nilipokiona nilishtuka, nikidhani damu imevilia, hadi nilipoelezwa kuwa ni alama ya kudumu inayomjulisha daktari mwingine yeyote kwamba paka huyu amekwishafungwa kizazi, asije akapasuliwa tena bure.

Adui mkubwa wa mshono huo ni ulimi wa paka mwenyewe. Ulimi wake umejaa vimiba vidogo vigumu vilivyopinda kuelekea kooni, ambavyo humsaidia kuchana manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa. Ulimi wa namna hiyo ukipita mara kwa mara juu ya uzi, huulegeza au kuukata, huku mate yakiacha vijidudu mahali palipo wazi. Wapo wanaoamini kwamba mnyama akijilamba anajitibu, na huenda kauli hiyo imewatuliza wengi, lakini kwa jeraha lililoshonwa haifai kabisa kufuatwa.

Tulirudi nyumbani na kola ya plastiki yenye umbo la faneli. Nilielekezwa kwamba ukingo wake upite pua kwa sentimita mbili au tatu, na kwamba vidole viwili vipenye kati yake na shingo. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu hanyamazi, alinyamaza usiku kucha. Kwa haki, ukimya huo haukutokana na kola peke yake, kwani dawa ya usingizi huchukua saa 12 hadi 24 kumtoka paka, na katika muda huo huyumba, huhisi baridi upesi kwa sababu tumbo limenyolewa, na huhitaji kuwekwa chini, mahali penye joto na mwanga hafifu. Hata hivyo, asubuhi alipoamka vizuri, kola ilimtesa waziwazi: alitembea kinyumenyume akijaribu kutoka ndani yake, alijigonga kila alipopita mlangoni, na hakuweza kunywa maji mpaka nilipobadilisha bakuli nikampa kisahani kipana. Usiku wa pili alipenyeza mguu wa mbele kwenye ukingo, akaivua, na alfajiri nikamkuta anajilamba. Nyuzi zote tatu zilikuwa salama, lakini siku hiyo hiyo nilinunua vazi.

Kipimo ndicho kilichonisumbua kwanza. Jedwali la watengenezaji lilipanga saizi kwa uzito, nami nikafuata uzito, kumbe kinachohusika zaidi ni urefu kutoka mwanzo wa shingo hadi mwanzo wa mkia. Vazi la kwanza lilikuwa refu mno, likafunika sehemu ya haja, na ilinibidi nilirudishe. Linalofaa ni lile linalolala juu ya mwili bila kukaza, vidole viwili vikiingia kwa urahisi shingoni na kwenye mapaja, na ukingo wa nyuma ukiishia baada ya mshono na kabla ya mahali anapotokea mkojo. Ningewaomba watengenezaji waandike urefu wa mgongo kwanza, uzito baadaye.

Mara ya kwanza alipovalishwa, Chiriku alilala ubavu kama aliyekatika miguu, akakataa kusimama. Sikutarajia jambo hilo na nilikaribia kulivua kwa huruma. Paka wengi hufanya hivyo kitu kinapowabana mgongoni, na hupita. Nilimwekea chakula umbali wa hatua moja, akakijongelea kwa tumbo, kisha akasimama, na kabla ya saa mbili kwisha alikuwa akitembea kama kawaida. Tofauti na kola ilikuwa kubwa: alikula bila kizuizi, sharubu zake hazikugusa kitu, alijikunja kulala, na aliweza kujisafisha uso na miguu, jambo ambalo kwa paka ni sehemu kubwa ya utulivu wake. Paka mkubwa wa nyumbani, aliyekuwa akimfokea kwa sababu alirudi akinuka hospitali, alijaribu mara kadhaa kumlamba tumboni. Vazi lilimzuia huyo pia, na kola isingemzuia.

Sasa nije kwenye siku ya nne. Nilikuwa nimeagizwa kuukagua mshono asubuhi na jioni, na mwanzoni nilitii: nilifungua vifungo, nikamlaza chali mapajani chini ya taa, nikatazama. Nilijua cha kutazamia. Kingo za ngozi zikutane, rangi iwe ya waridi, uvimbe kidogo na wekundu kidogo katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na hata tone la majimaji yenye damu siku ya kwanza si la kutisha. Kisichokubalika ni usaha, harufu mbaya, mwanya kati ya kingo, damu inayoendelea kutoka, au wekundu unaopanuka na kupata moto badala ya kufifia. Jioni ya siku ya tatu, hata hivyo, alikuwa amelala fofofo, nami nikaridhika kupapasa juu ya kitambaa. Kilikuwa kikavu mbele, nyuma sikugusa.

Asubuhi nilipofungua vifungo, nilikuta ukingo wa nyuma umelowa mkojo na unyevu umepanda hadi kwenye mshono. Ngozi ilikuwa nyekundu kuliko jana yake na imelainika kama kidole kilichokaa majini, punje za mchanga wa choo zimeganda kati ya kitambaa na tumbo, na chini ya mshono palikuwa na uvimbe mgumu wenye ukubwa wa harage. Nilimpeleka kwa daktari saa hiyo hiyo. Aliubonyeza taratibu, akaniongoza mkono nami niubonyeze, kisha akanieleza kwamba uvimbe mgumu, usio na moto na usiomuuma, mara nyingi ni mwili unavyoitikia nyuzi za ndani zinazoyeyuka, hutokea sana kwa paka, na hutoweka wenyewe baada ya wiki chache. Uvimbe wa kuogopwa ni ule laini unaoongezeka, au unaorudi ndani ukibonyezwa, kwa kuwa huenda ukuta wa misuli umefunguka na kilicho chini ya ngozi ni mafuta ya ndani au utumbo. Huo hausubiri kesho. Wekundu ulitokana na unyevu. Alisafisha mahali pale, akaagiza pabaki pakavu, na akanikataza kupaka chochote.

Agizo hilo la mwisho lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, maana mkono hutamani kufanya jambo. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua vijidudu, lakini pia huunguza chembe changa zinazounganisha ngozi, na marhamu huweka unyevu pale pale tunapotaka pakauke, mbali na kumshawishi paka kulamba. Kumwogesha hakuruhusiwi mpaka nyuzi zitolewe.

Siilaumu bidhaa kwa uvivu wangu wa jioni ile. Naamini, hata hivyo, kwamba muundo wake unachangia kosa kama langu. Ili kuuona mshono, ilinibidi nifungue vifungo vyote vya mgongoni, nimvue miguu ya nyuma, kisha nimvalishe upya akiwa anapinga, na kazi hiyo mtu huanza kuikwepa kadiri siku zinavyopita. Kama sehemu ya tumboni ingekuwa na kifuniko kinachofunguka peke yake, ukaguzi ungekuwa wa nusu dakika. Na maelekezo yaliyokuja na vazi, yaliyosifu ulaini wa kitambaa kwa aya mbili, hayakutaja hata kwa neno moja kwamba kikilowa kivuliwe mara moja.

Baada ya hapo nilinunua la pili. Kila asubuhi lililovaliwa lilivuliwa, lilifuliwa kwa sabuni isiyo na manukato, likasuuzwa vizuri na kukaushwa kabisa, na lile kavu likavalishwa. Jioni nilifungua nikatazama tena, awe amelala au yuko macho. Ukingo wa nyuma niliukunja mara moja kuelekea mgongoni na kuubana kwa kifungo cha pili. Mchanga wa choo niliuondoa, nikaweka karatasi zilizochanwachanwa, ambazo hazina vumbi na haziingii chini ya kitambaa. Kuanzia siku ya sita wekundu ulikuwa umefifia.

Kuna mambo mawili ambayo vazi haliyafanyi, na nayaeleza kwa sababu nimeona watu wakilitarajia kupita uwezo wake. La kwanza ni maumivu. Daktari alimpa Chiriku meloksikamu ya matone, dawa ya kutuliza maumivu, iliyopimwa kwa uzito wake na kutolewa pamoja na chakula kwa siku alizozipanga yeye. Paka akijikunyata, akafumba macho nusu, akajificha au akakataa chakula kwa zaidi ya siku moja, daktari apigiwe simu. Fizi zikipauka baada ya upasuaji wa aina hii, yumkini damu inavuja ndani, na hapo hakuna cha kupiga simu tena bali kumpeleka. Kwa hali yoyote asipewe dawa za binadamu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Ibuprofeni ni sumu kwake, na aspirini haitolewi bila daktari.

La pili ni mwendo. Hapa kola, pamoja na ubaya wake wote, inalishinda vazi, kwani humpunguzia paka kasi. Chiriku akiwa ndani ya vazi alijiona mzima kuanzia siku ya tatu: alikimbia, alirukia viti, alitaka kupanda pazia. Ngozi hujifunga mapema na kumdanganya mtazamaji, ilhali ukuta wa misuli chini yake bado haujapata nguvu, na ruko moja baya linaweza kuufungua. Nilimhamishia kwenye chumba kidogo kisicho na rafu, nikatoa kiti, nikaweka choo, maji na kitanda sakafuni, na kila siku nikakaa naye kwa muda mrefu nikimchezesha kwa kamba iliyolala chini. Alilia sana mlangoni. Niliumia kumsikia, lakini sikufungua.

Siku ya 12 daktari alitoa nyuzi tatu kwa mkasi mdogo na kibano, kazi ya dakika mbili, na Chiriku hakutikisika. Mahali pa mkato palibaki mstari mwembamba wa waridi, kistari cha kijani kando yake, na manyoya mafupi yameanza kuota. Lile harage lilikuwa limepungua likawa kama punje ya mtama, na wiki tatu baadaye sikuliona tena. Siku hiyo tulivua vazi, naye akaketi akajilamba tumbo kwa karibu saa nzima, akianzia mahali pale pale.

Nikipata paka mwingine wa kufungwa kizazi nitanunua vazi hili tena, nitanunua mawili kwa pamoja baada ya kumpima mgongo, na nitayanunua kabla ya siku ya upasuaji. Kola sitaitupa. Itakaa karibu kwa ajili ya zile saa ambazo moja limelowa na la pili bado liko kambani.